Goti Linalouma Halitaki Kulazwa

Ndugu msomaji, habari za ukurasa huu aghalabu ni habari za mbegu, samadi, maji ya mto na bei ya mbuzi sokoni. Mwezi huu twataka kusema juu ya kitu kingine, ambacho bila hicho hakuna mbegu ipandwayo wala mbuzi apelekwaye malishoni. Kitu hicho ni goti.

Nitakueleza kwanza sababu ya kuandika habari hii. Kazi yangu katika ofisi ya kilimo hapa Garissa ni kuandika: majina ya wakulima waliochukua mbegu, ekari walizolima, na barua wanazotaka kuzipeleka kwa wakubwa. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, na ndiyo maana wazee wengine mpaka leo huniita mwalimu. Siku moja, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 kupungua na watu kuanza kurudi mashambani, alikuja mzee mmoja mwenye shamba la ekari mbili kando ya mto Tana. Alikuja juu ya mkokoteni wa punda, na mjukuu wake ndiye aliyeuongoza. Kushuka tu kulimchukua muda mrefu. Alipokwisha kupumzika akasema, “Mwalimu, niandikie barua. Jina langu litolewe katika kikundi cha pampu, na shamba apewe mtu mwingine.”

Nikamwuliza, “Kwa nini, Adeer?”

Akanijibu, “Goti limekufa. Miezi minne nimelala kitandani nikilingoja lipone, na kila niamkapo ni baya kuliko jana.”

Niliiandika barua ile, kwa maana ndiyo kazi yangu. Lakini nilimwomba anipe ruhusa nisiipeleke mpaka atakapokuwa ameonwa na watu wa hospitali. Akakubali shingo upande. Tulikwenda pamoja, akapimwa, kisha akapelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya kurudisha nguvu za mwili. Mimi si daktari, msomaji, wala sitaki udhani kwamba najifanya daktari. Haya nitakayoyaeleza ni yale aliyofundishwa mzee yule mbele ya macho yangu, pamoja na yale yanayofundishwa na wataalamu wa magoti katika nchi nyingi.

Ugonjwa wenyewe

Watu wengi hudhani kwamba kila maumivu ya goti ni baridi yabisi, na kwamba yameletwa na baridi ya usiku au na uzee tu. Kumbe maradhi ya viungo ni mengi. Lile linalowapata watu wengi zaidi ni ugonjwa wa kulika kwa kiungo, ambao madaktari huuita osteoathraitisi. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba hakuna kiungo kinachopatwa nao zaidi kuliko goti. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na walio wengi wamepita umri wa miaka 55. Basi usidhani kwamba ni aibu yako peke yako, au kwamba ni adhabu.

Kama umewahi kuchinja mbuzi, bila shaka umekiona kile kitu cheupe, kigumu kidogo na chenye kuteleza, kinachofunika ncha za mifupa mahali inapokutana. Hicho ndicho gegedu. Kazi yake ni kuzuia mfupa usisugue mfupa. Sasa sikiliza jambo hili, kwa maana ndilo msingi wa maneno yote yatakayofuata. Gegedu halina mishipa ya damu. Ni kama kitalu kilicho mahali ambapo mfereji haufiki. Chakula chake hukipata katika ute ulio ndani ya goti. Ukikanyaga, gegedu hukamuliwa kidogo kama sifongo. Ukiinua mguu, hufyonza ute mpya. Kwa hiyo goti lisilotembezwa kabisa ni goti lisilolishwa.

Jambo la pili ni misuli ya paja. Wewe mfugaji wajua namna ya kumpakia ngamia mzigo. Kamba zikikazwa vizuri, ngamia huenda siku nzima bila madhara. Kamba zikilegea, mzigo huyumba, husugua, na jioni utamkuta ngamia ana kidonda mgongoni. Misuli ya mbele ya paja ni kamba za goti. Mtu akilala majuma mengi, misuli hiyo hunywea na kulegea. Goti hukosa wa kulishika, huyumba kila hatua, na maumivu huzidi. Maumivu yakizidi mtu huogopa na kulala tena. Hivyo ndivyo yalivyompata mzee wetu: dawa aliyoitumaini, yaani kulala, ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

Je, maana yake turudi kubeba magunia? Hasha. Goti lataka kazi, lakini kazi yake: kazi isiyo na kishindo, isiyo na mizigo, inayoongezwa kidogo kidogo. Katika nchi ya Denmark, tangu mwaka 2013, wagonjwa wa magoti na nyonga hufundishwa kwanza habari za ugonjwa wao, kisha hufanya mazoezi kwa mpango maalumu mara mbili kwa juma, kwa majuma sita. Mpango ule umekwisha kuigwa na nchi nyingine kadhaa. Nimeutaja si kwa sababu twataka vyumba na vyombo vya Denmark, bali ili ujue kwamba hata penye hospitali kubwa na dawa nyingi, mgonjwa wa goti huambiwa afanye mazoezi.

Mazoezi ya mkekani na kitini

Mazoezi haya yafanywe ndani ya nyumba, kwenye mkeka. Mama asiyependa kuonekana na watu aweza kuyafanya chumbani mwake na mlango umefungwa. Vyombo vinavyotakiwa ni mkeka, kiti imara chenye urefu wa kawaida, na kikoi kilichokunjwa.

1. Kukaza paja. Keti mkekani, nyosha mguu, weka kikoi kilichokunjwa chini ya goti. Likandamize goti juu ya kikoi kwa kukaza misuli ya paja. Hesabu moja mpaka tano, kisha legeza. Fanya mara kumi. Usizuie pumzi.

2. Kuinua mguu ulionyoka. Lala chali. Kunja mguu mzima, na ule unaouma uwe umenyoka. Kaza paja kwanza, ndipo uinue mguu ulionyoka kadiri ya futi moja kutoka chini. Hesabu mpaka tano, uushushe polepole. Mara kumi. Kama miguu yote miwili inauma, fanya kwa zamu.

3. Kuvuta kisigino. Ukiwa umelala chali vilevile, telezesha kisigino juu ya mkeka kuelekea matakoni mpaka goti likunjike kadiri linavyoweza bila kulazimishwa, kisha lirudishe. Mara kumi. Zoezi hili lasaidia goti lisikakamae.

4. Kunyosha goti kitini. Keti kitini, nyayo zote chini. Inua mguu mmoja mpaka unyoke mbele yako, hesabu mpaka tano, ushushe polepole. Mara kumi kila mguu.

5. Kuketi na kusimama. Keti kwenye kiti kirefu au ukingo wa kitanda. Simama polepole, kisha keti polepole, usijitupe. Ukishindwa, jisaidie kwa mikono, au weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi. Anza kwa mara tano, uongeze hata zifike kumi. Zoezi hili lapita mengine yote kwa faida, kwa maana ndiyo kazi ya kila siku ya goti.

6. Kuinua visigino. Simama ukishika mlango au mti. Inua visigino vyote viwili, hesabu mpaka tatu, shuka polepole. Mara kumi. Misuli ya shavu la mguu nayo ni kamba za goti.

Yale matatu ya kwanza waweza kuyafanya kila siku. Yale matatu ya mwisho yatosha siku tatu katika juma, na siku moja ya kupumzika katikati, kwa sababu misuli huongezeka nguvu wakati wa kupumzika baada ya kazi.

Kutembea

Labda utasema, “Mimi hutembea siku zote nyuma ya mbuzi, ya nini nifundishwe kutembea?” Kutembea nyuma ya mbuzi ni kazi, na mwendo wake waamuliwa na mbuzi. Kutembea kwa ajili ya goti waamua wewe. Chagua ardhi iliyo tambarare na iliyoshikana. Mchanga laini wa laga huuchosha mguu na kuupinda. Ukingo wa mto una mteremko, na kushuka mteremko hulemea goti zaidi kuliko kwenda mahali sawa.

Anza kwa dakika tano au kumi tu. Kila juma ongeza dakika chache, hata ufike nusu saa. Kama nusu saa mfululizo ni nyingi, igawe: dakika kumi asubuhi, kumi alasiri, kumi baada ya jua kutua. Na kwa sababu ya joto la nchi yetu, usitembee saa za adhuhuri. Baada ya sala ya Alfajiri kuna ubaridi na mwanga watosha kuona mahali pa kukanyaga. Kunywa maji kabla ya kutoka. Viatu viwe vyenye soli nene na laini, vinavyoshika kisigino. Kandambili zilizolika humfanya mtu ayumbe.

Juu ya fimbo, kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya. Kama goti la kulia ndilo linalouma, wengi huishika fimbo kwa mkono wa kulia. Sivyo. Ishike kwa mkono wa kushoto, uipeleke mbele pamoja na mguu wa kulia. Hapo fimbo na mguu unaouma hugawana mzigo. Urefu wake uwe hivi: simama wima, mkono umening'inia; kichwa cha fimbo kifike kwenye kiwiko cha mkono, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono. Mzee wetu alikuwa na fimbo nzuri ya kuchungia miaka mingi. Alipoihamisha tu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, alitembea chumba kizima akanigeukia akacheka.

Baiskeli na maji

Baiskeli ni rafiki wa goti, kwa maana uzito wa mwili hubebwa na kiti. Kiti kiinuliwe mpaka mguu ukaribie kunyoka pedali ifikapo chini. Kiti kifupi hulikunja goti sana na kuliumiza. Mji wa Garissa ni tambarare, lakini barabara kuu ina malori na bodaboda, kwa hiyo tafuta njia za ndani.

Katika nchi nyingine wagonjwa wa magoti huambiwa watembee ndani ya maji yanayofika kifuani, kwa sababu maji hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili. Ni shauri jema kwa mtu aliye karibu na dimbwi la kuogelea lililojengwa, au aishiye pwani penye bahari tulivu. Lakini hapa kwetu namwomba kila msomaji anielewe vizuri: mto Tana si mahali pa zoezi hili. Una mamba na viboko, na mkondo wake hubadilika usiku mmoja mvua inyeshapo huko milimani. Wenzetu wa Mandera walio kando ya mto Daua nao wajihadhari vivyo hivyo. Wala usiingie katika bwawa la kunyweshea mifugo. Mazoezi ya mkeka yatosha.

Kanuni ya kesho asubuhi

Swali linaloulizwa na kila mtu ni hili: likiuma wakati wa zoezi, niache? Jibu ni kwamba maumivu kidogo hayana madhara, na katika siku za kwanza karibu kila mtu huyapata. Kipimo ni kesho asubuhi. Ukiamka na goti liko kama lilivyokuwa jana kabla ya zoezi, endelea. Ukiamka limevimba, au maumivu yamezidi yale ya kawaida, basi jana ulizidisha. Siku hiyo pumzika, na siku ifuatayo fanya nusu ya hesabu. Usiache kabisa. Mkulima akizidisha maji kwenye nyanya hazing'oi, hupunguza maji.

Tena usitazamie faida katika siku tatu. Misuli haioti upesi kama kunde. Wengi huanza kuona tofauti baada ya majuma sita hivi, na anayeacha mazoezi hupoteza nguvu alizopata. Haba na haba hujaza kibaba.

Kazi za shamba na za nyumbani

Goti haliponi kama asubuhi walifanyia mazoezi na mchana walivunja. Tazama kazi zako moja moja.

Kupalilia kwa kuchuchumaa au kupiga magoti kutwa nzima ni kazi mbaya kwa goti lililolika. Tumia jembe lenye mpini mrefu, usimame. Katika kitalu cha miche, inua kitalu juu ya meza ya miti, ili usiiname wala kuchuchumaa. Mahali pasipo budi kukaa, kalia kiti kilicho karibu na urefu wa goti lako, si kigoda kifupi. Badili kazi kila nusu saa: palilia, kisha tembea kutazama mfereji, kisha rudi.

Dumu la lita 20 lililojaa lina uzito wa kilo 20 na zaidi. Usilibebe mgongoni wala mkononi. Punda na mkokoteni wapo kwa kazi hiyo. Na kama huna punda, beba lita tano tano mara nyingi. Mama zetu wa Wajir wanaovuta maji visimani kwa kamba wasimame miguu imeachana kidogo, magoti yamelegea, wala wasijipinde mwili wakati nyayo zimebaki mahali pake.

Ngamia hukamwa na mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, chombo kikiwa juu ya goti la mguu ulioinuliwa. Ni jambo la kupendeza kulitazama, lakini mguu mmoja hubeba mwili wote kwa muda huo. Mwenye goti bovu awaachie vijana, au mtu wa pili ashike chombo.

Kuhusu sala, wengi huona uchungu wa kupiga magoti na kusujudu, na wengine huona haya kuketi kitini mbele ya wenzao. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali ameketi. Ukiwa na wasiwasi muulize imamu wako.

Uzito nao hauna budi kutajwa. Watafiti wa Marekani mwaka 2005 walionyesha kwamba mtu mnene mwenye goti lililolika, kwa kila kilo moja anayoipunguza mwilini, hulipunguzia goti lake mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Hesabu hatua za siku moja utaona ni mzigo gani. Hapa mjini wako watu wasiotembea tena, na chai yao imejaa sukari mara tano kwa siku. Hao na waanzie kwenye kijiko cha sukari. Lakini mtu mwembamba, au aliyedhoofika kwa ukame, asijinyime chakula; misuli haijengwi kwa njaa. Maharagwe, kunde, maziwa, mayai na nyama kidogo ndivyo vinavyoijenga.

Mambo ya kujihadhari

Kuna magoti ambayo hayatakiwi kufanyiwa mazoezi kwanza, bali hospitali kwanza. Nenda upesi ukiona mojawapo ya haya: goti limevimba, lina moto na wekundu, nawe una homa, umeanguka au umepigwa na mnyama, na huwezi kukanyaga, goti limekwama, halikunjiki wala halinyoki, shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, au maumivu hayakuachi hata usiku ukiwa umelala.

Tena sisi wafugaji tuna jambo letu. Ukiumwa viungo na mgongo, pamoja na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na uchovu usioisha, huenda si kulika kwa goti. Huenda ni ugonjwa wa brusela, unaotoka kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, nao huingia kwa maziwa mabichi, au kwa kumshika bila kinga mnyama anayezaa au aliyetupa mimba. Ugonjwa huo hupimwa kwa damu, na dawa zake humezwa majuma sita au zaidi bila kukatiza. Hakuna zoezi la kuuponya. Chemsha maziwa mpaka yatokote. Najua wazee hupenda ladha ya maziwa mabichi, lakini ladha hiyo imewalaza wengi.

Vidonge vya maumivu vinavyouzwa madukani navyo si peremende. Vingine, kama diklofenaki na ibuprofeni, vikimezwa kila siku bila shauri la daktari vyaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na hatari huzidi kwa mtu aliyepungukiwa na maji katika joto kama hili letu. Mwambie mganga wa zahanati dawa zote unazotumia. Na kule kuchoma goti kwa chuma cha moto, kama walivyozoea wengine, hakurudishi gegedu. Huacha kidonda, na kidonda chaweza kuingia wadudu.

Barua ya mzee

Sasa turudi kwa mzee wetu. Sitakudanganya kwamba alipona. Gegedu lililolika halirudi kama jani la mgomba lililokatwa. Katika juma la tatu alitaka kuacha, akasema kwamba kukaza paja juu ya kikoi ni mchezo wa watoto. Mjukuu wake ndiye aliyemshinda: alikuwa akilala mkekani kando yake kila jioni, akihesabu kwa sauti moja mpaka kumi, na mzee aliona haya kushindwa na mtoto. Katika juma la saba aliweza kuondoka kitini bila kushika kitu. Kisha akaanza kwenda kwa miguu kutoka nyumbani mpaka kwenye pampu, fimbo katika mkono wa pili, akipumzika mara moja njiani chini ya mwembe.

Mvua za vuli zilipokaribia alikuja ofisini kuchukua mbegu za nyanya na tikitimaji. Safari hiyo mkokoteni ulibaki nyumbani. Halimi tena kwa jembe. Hiyo ni kazi ya vijana, naye huwalipa kwa sehemu ya mavuno. Yeye husimamia maji, huotesha miche kwenye meza ya miti, na hujua ni mti gani una wadudu kabla ya mtu mwingine kujua. Goti bado huuma siku za kazi nyingi. Lakini shamba ni lake, na katika mkutano wa kikundi huketi kitini pamoja na wenzake na kusema neno lake.

Alipokwisha kutia sahihi ya mbegu aliniuliza, “Mwalimu, ile barua yangu iko wapi?”

Nikamwambia, “Imo katika mtoto wa meza, Adeer. Waitaka?”

Akasema, “Iache humo humo.”

Nawe msomaji, kama unayo barua kama hiyo moyoni, ya kuacha shamba, au kugawa mifugo kabla ya wakati, au kungoja kitandani mpaka wengine wakuletee kila kitu, usiipeleke bado. Mwone mganga wa zahanati iliyo karibu nawe, umwulize ni ugonjwa gani ulio nao. Akikwambia ni kulika kwa kiungo, muulize habari za mtaalamu wa tiba ya viungo. Katika hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Garissa utamwuliza vivyo hivyo. Kisha tandika mkeka leo jioni, nyosha mguu, weka kikoi chini ya goti, kaza paja na uhesabu mpaka tano. Kama kuna mtoto nyumbani, mwite akuhesabie.